KUHESABIWA KWA WATU WA KWALE
Historia Fupi ya Uchunguzi wa Hali Zetu, na Manufaa Yaliyopatikana



Taarifa hii ya kila mwaka imezoea kueleza fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa, maiti waliostiriwa, na watoto waliolipiwa karo. Hizo ni hesabu zetu wenyewe, na Mweka Hazina amekwisha kuzitolea maelezo yake. Lakini ziko hesabu nyingine zilizoandikwa na watu wengine juu yetu sisi, na wengi wetu hatujapata kuelezwa matokeo yake. Katika nchi yetu ya Kwale, tangu Matuga mpaka Vanga na tangu Diani mpaka Kinango, ni jambo la kawaida kabisa kumwona mtu mwenye karatasi, na siku hizi mwenye simu kubwa mkononi, akipiga hodi na kuuliza: nyumbani humu hulala watu wangapi? Mwatumia choo gani? Jana mlikula nini? Mtoto huyu yuko darasa la ngapi? Kisha hushukuru, akaenda zake. Makala haya yataka kueleza maswali hayo yalianzaje, majibu yalipelekwa wapi, na kilichorudi ni kitu gani.

Kuhesabiwa kwa kwanza hakukuwa kwa heri yetu. Sheria ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1901, na karani aliyefika kijijini alihesabu mapaa, wala hakuuliza kama walio chini ya paa wameshiba. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika, na baada ya Vita Kuu ya kwanza kila aliyetimiza miaka 16 akalazimishwa kuchukua kipande. Hesabu kamili ya kwanza ya watu wote wa Kenya ilifanywa mwaka 1948. Basi si ajabu kwamba wazee wetu walimwona mwenye kalamu kuwa ni mtu wa kuchukua. Hofu hiyo haijatoka yote mpaka leo, na wanaowalaumu wazee kwa kuwa wagumu wa kujibu maswali wangefaa kuijua asili yake.

Ulipokuja uhuru mwaka 1963 Serikali ilitangaza kwamba maadui wa taifa ni watatu, yaani umaskini, ujinga na maradhi. Maneno hayo yalirudiwa katika kila baraza, nayo yalikuwa kweli. Walakini palikuwa na swali moja ambalo hotuba haziwezi kulijibu: katika mambo mengi ambayo Serikali yaweza kuyafanya kwa fedha chache ilizo nazo, lipi hasa humwondolea mtu taabu yake, na lipi humpita tu kama upepo? Swali hilo ni la uchunguzi. Kwa bahati yetu, njema au mbaya, nchi ya Kwale ikawa mojawapo ya mahali pa kulichungulia.

Jambo lilianza na kichocho. Kila mzee wa Msambweni ayajua madimbwi yetu yanayojaa wakati wa mvua, ambamo watoto huoga na kina mama hufua. Ndani yake huishi konokono wadogo, na katika konokono hao hukua mdudu aingiaye katika ngozi ya mtu na kukaa karibu na kibofu, hata mtoto akakojoa damu. Kuanzia mwaka 1984 wataalamu wa Wizara ya Afya, kutoka idara ishughulikayo na maradhi yanayoletwa na wadudu, pamoja na waganga wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, walianza kuwapima watoto wa shule za eneo la Msambweni. Mkojo wa kila mtoto ulichujwa, mayai ya mdudu yakahesabiwa kwa darubini, na wenye ugonjwa wakapewa dawa. Wengine walipewa metrifonati na wengine prazikwanteli, ili ionekane ipi ni bora. Kazi ile iliendelea kwa miaka tisa, mpaka 1992.

Faida yake ilikuwa ya kweli. Watoto wenye ugonjwa mzito walipungua sana, na damu katika mkojo ikapungua pia. Lakini daftari zile zilionyesha jambo la pili, nalo halikuwa la kufurahisha: mtoto aliyepona alirudi dimbwini, na dimbwi likamrudishia ugonjwa. Mahali alipokaa mtoto palikuwa na nguvu kubwa katika kuamua kama ataugua tena. Uchunguzi uliofanywa baada ya mwaka 2000 katika vijiji vya Milalani na Nganja ulikuta kichocho kingalipo, na hasa kwa watoto waliokaa karibu na maji yenye konokono. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Maji hayakuwa yamebadilishwa.

Wakati huo huo, katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, wataalamu wa lishe wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiwa pamoja na wenzao wa Kenya, walifanya kazi nyingine hapa Kwale ambayo mimi naiona ina akili sana kwa wepesi wake. Wao hawakutosheka kuhesabu mayai ya minyoo. Waliwachukua wavulana wa shule wenye safura na minyoo mingine, wakawagawa kwa kura, nusu wakapewa dawa na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Kisha waliwapandisha na kuwashusha kidatoni kwa muda uliowekwa, wakapima mapigo ya moyo. Baada ya miezi minne waliopewa dawa walikuwa na nguvu zaidi, hamu yao ya kula ilikuwa imeongezeka, na miili yao ilikuwa imekua kuliko wenzao. Yaani minyoo ambayo watu waliizoea hata wakaiona kuwa ni sehemu ya utoto ilikuwa ikiiba nguvu za mtoto kimya kimya.

Hapa yafaa nieleze jambo la kura, maana wengi hulichukia. Mzazi huuliza: ikiwa dawa ni nzuri, kwa nini wasipewe wote? Na shule ya jirani ina nini hata ipewe, yetu ikaachwa? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni hili. Mwenye shamba akitia mbolea katika minazi iliyo karibu na kisima peke yake, kisha akavuna nazi nyingi, hawezi kujua kama zimeletwa na mbolea au na maji. Vivyo hivyo msaada ukipewa wale walio tayari, au wale wenye mjumbe mwenye sauti kubwa, wataonekana wamefanikiwa, wala hatutajua kama ni kwa sababu ya msaada au kwa sababu walikuwa mbele tangu mwanzo. Kura huwatenga watu bila kumpendelea yeyote, na tofauti itakayoonekana baadaye huwa ni ya kile kilichotolewa. Lakini kura huwa ya haki pale tu ambapo yule aliyekosa leo hupewa kesho, ikithibitika kwamba kitu kile chafaa. Sharti hilo la pili husahauliwa upesi zaidi kuliko la kwanza.

Kutokana na kazi kama hizo kipimo chenyewe kilibadilika. Zamani, katika majedwali ya ulimwengu ya kulinganisha maradhi, kichocho kilihesabiwa kuwa humpunguzia mtu uzima wake kwa nusu tu ya moja katika mia, karibu na bure. Mwaka 2005 waganga kadhaa, na mmoja wao, Charles King, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika Msambweni, walikusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakaandika katika gazeti la waganga la London liitwalo Lancet kwamba upungufu wa damu, maumivu, kuhara, na kushindwa kazi vikijumlishwa, hasara ni kati ya 2 na 15 katika mia. Mtu asidhani hilo ni jambo la wasomi peke yao. Fedha za dunia hugawiwa kwa kufuata majedwali hayo, na ugonjwa ulioandikiwa kuwa mdogo hupata fungu dogo. Mwaka 2013 ukatoka uchunguzi mwingine wa hapa hapa Pwani ya Kusini, ambao uliwauliza watoto na wazazi wao juu ya maisha yenyewe: je, mtoto aweza kukimbia? Ana huzuni? Hucheza na wenzake? Hufuata masomo? Watoto wa vijiji vyenye kichocho kingi walikuwa na alama za chini kuliko wa vijiji vyenye kichocho kidogo. Kutoka kuhesabu mapaa mwaka 1901 mpaka kumwuliza mtoto kama ana huzuni, huo ni mwendo mrefu.

Sasa tuje katika fedha, maana hapo ndipo maneno ni mengi.

Ukimwi ulipoacha mayatima wengi katika nchi, Serikali ya Kenya ikisaidiwa na UNICEF ilianza mwaka 2004 kujaribu jambo lililokuwa jipya kwake: kuzipa fedha taslimu familia zinazolea mayatima, bila kuwapa unga wala mablanketi. Mahali pa majaribio palikuwa patatu tu katika Kenya nzima, Garissa, Nairobi na Kwale. Familia zilikuwa 500 na fedha zilikuwa shilingi 500 kwa mwezi. Wanachama wengi hawajui kwamba mpango ambao leo umeenea nchi nzima, na kwa jina la Inua Jamii umewafikia hata wazee wenye miaka 70 na zaidi, ulipiga hatua zake za kwanza katika nyumba za makuti za Kwale, aghalabu mikononi mwa bibi aliyekuwa akilea wajukuu.

Mwaka 2007 mpango ulipanuliwa, na fedha zikawa shilingi 1,500 kwa mwezi. Serikali ikakubali upimwe vizuri. Katika wilaya saba, na Kwale ikiwa mojawapo, baadhi ya lokesheni zilichaguliwa kwa kura kuanza na nyingine kungoja, na familia zaidi ya 2,700 zikaulizwa maswali, kisha zikaulizwa tena baada ya miaka miwili. Majibu nitakayoyataja ni ya wilaya zote saba kwa pamoja, si ya Kwale peke yake.

Watu wengi, na miongoni mwao watu wenye vyeo, walisema kwamba maskini akipewa fedha mkononi atazinywa. Uchunguzi ulisema kinyume. Familia zilizopokea zilitumia zaidi kwa chakula, afya na nguo, na matumizi yao ya pombe na tumbaku yalipungua. Watoto wakubwa wakazidi kuandikishwa katika shule za sekondari. Katika shule za msingi mabadiliko yalikuwa madogo, kwa kuwa ada ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 2003 na watoto wengi walikuwa wameingia tayari. Mwaka 2011 vijana wa nyumba zile waliulizwa tena. Wazee wataniwia radhi kutaja hili, lakini lina uzito: kijana wa nyumba iliyopokea fedha alichelewa zaidi kuanza mambo ya utu uzima, na wasichana waliopata mimba za mapema walikuwa wachache zaidi. Tena dalili za huzuni nzito na kukata tamaa zilikuwa zimepungua, kwa kadiri ya 24 katika mia, hasa kwa vijana wa kiume. Hakuna aliyewahubiria. Nyumba ilipata shilingi chache za kutegemewa kila mara, na kijana akaona njia mbele yake.

Nisiache kusema kasoro. Fedha zilikuwa sawa kwa kila nyumba, ikiwa na watu watatu au kumi, kwa hiyo nyumba ndogo zilifaidika zaidi na nyumba kubwa za ukoo, ambazo ndizo nyingi kwetu, zilipata kidogo kwa kila kinywa. Kisha bei za vitu zilipanda sana kati ya 2007 na 2009, na shilingi 1,500 zikabaki zile zile. Bibi aliyepanga foleni Posta mwaka wa pili alirudi na kikapu chepesi kuliko mwaka wa kwanza, ingawa karatasi ya Serikali ilionyesha kwamba amelipwa sawasawa. Baadaye zilifanywa 2,000. Nadhani hili ndilo somo ambalo maofisa wa fedha hawajalishika mpaka leo: ahadi ya shilingi isiyofuata bei ya unga hujipunguza yenyewe bila mtu kutia sahihi.

Mwaka 2010 ulianza katika wilaya za Kwale na Msambweni mradi ulioitwa HALI, nao umenifunza zaidi kuliko yote, kwa sababu ulijaribu mambo mawili pamoja, moja ambalo kila mtu aliamini litafaa, na jingine ambalo wachache walilitazamia. Shule za msingi za Serikali 101 ziliingizwa, na watoto zaidi ya 5,000 wa darasa la 1 na la 5 wakafuatwa kwa miaka miwili.

Jambo la kwanza lilikuwa malaria. Katika nusu ya shule wauguzi walifika kila muhula, wakamchoma kila mtoto kidole, wakapima tone la damu, na aliyeonekana na vijidudu akatibiwa kwa dawa nzuri. Karibu watoto 18 katika kila mia waliopimwa walikutwa na malaria. Nani asingesema kwamba watoto hao wangekuwa na damu zaidi, na akili zao zingetulia zaidi darasani? Mwisho wa miaka miwili wataalamu walilinganisha shule zilizotembelewa na zile ambazo hazikutembelewa. Upungufu wa damu ulikuwa sawa. Malaria ilikuwa sawa. Usikivu darasani ulikuwa sawa. Hata katika imla na hesabu watoto wadogo wa shule zilizotembelewa walionekana kuwa nyuma kidogo. Sababu zinazoelezwa ni kwamba mtoto aliyetibiwa leo aliumwa na mbu wengine baada ya wiki chache, na kutibu mara moja kwa muhula hakukuweza kushindana na mbu wa kila usiku. Waliofanya kazi hiyo waliyachapisha matokeo hayo wazi mwaka 2014, bila kuficha, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko ambavyo ningewaheshimu kwa ushindi.

Jambo la pili lilikuwa dogo kwa kulitazama. Walimu wa darasa la 1 wa baadhi ya shule walifundishwa kwa siku chache namna ya kumfundisha mtoto sauti za herufi na kuziunganisha, wakapewa kitabu cha masomo yaliyokwisha kupangwa, kisha kila wiki wakapelekewa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha na kuwauliza, pamoja na salio kidogo la simu. Hawakupewa majengo mapya wala mishahara zaidi. Kumbukeni kwamba mtoto wetu husema Kidigo au Kiduruma nyumbani, na darasani hukutana na Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja. Watoto wa walimu hao waliendelea katika kusoma lugha zote mbili kuliko wenzao, na walioacha shule walikuwa wawili katika mia, ambapo katika shule nyingine walikuwa watano. Gharama ilikuwa kiasi cha dola 8 na senti 29 kwa mtoto. Mtoto asiyefahamu ubaoni huona haya, na mtoto mwenye haya hutafuta sababu ya kwenda kuvua au kuchunga. Alipofahamu, akabaki.

Basi hapo ndipo faida ya kuhesabu ionekanapo. Kama tungeongozwa na huruma peke yake tungaliendelea kuchoma vidole vya watoto kila muhula, na fedha za mwalimu zingalitumika kwa kazi hiyo.

Jaribio la mwisho nitakalolieleza kwa kirefu lawagusa wazee wenyewe. Mwaka 1998 huko Busia, magharibi ya Kenya, wataalamu wawili wa uchumi, Edward Miguel na Michael Kremer, walianza kuchungua shule 75 zilizopewa dawa za minyoo kwa zamu, wakakuta utoro umepungua kwa robo, hata kwa watoto wa jirani wasiokunywa dawa, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizirudia hesabu zao wakazipinga baadhi, na ubishi huo ulikuwa mkali. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi, na mwaka 2021 ikachapishwa habari kwamba waliopata dawa zaidi utotoni, baada ya miaka 20, walikuwa na mapato ya saa yaliyozidi kwa 13 katika mia. Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kuanzisha mpango wa taifa wa dawa za minyoo shuleni mwaka 2009, na kuueneza tangu 2012. Makampuni ya dawa hutoa vidonge hivyo bure kwa watoto wa umri wa shule, kwa kupitia Shirika la Afya la Ulimwengu.

Lakini safura haikai kwa watoto peke yao. Huzidi kadiri mtu anavyokua. Mzee anayelima bila viatu, mama anayepalilia mpunga, mvuvi anayejisaidia kichakani, hao ndio ghala ya minyoo ambayo kila msimu huwarudishia watoto kile walichoondolewa shuleni. Kwa hiyo kuanzia mwaka 2015 mpaka 2017 ulifanywa hapa Kwale uchunguzi mkubwa ulioitwa TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Taasisi ya KEMRI, Wizara ya Afya, na chuo cha London cha elimu ya maradhi ya nchi za joto vilishirikiana. Kaunti iligawanywa katika sehemu 120 zenye nyumba zipatazo 150,000. Kwa kura, sehemu nyingine ziliendelea na dawa za watoto shuleni mara moja kwa mwaka. Nyingine zikapelekewa dawa nyumba kwa nyumba, wakubwa kwa wadogo, mara moja kwa mwaka. Na nyingine vivyo hivyo mara mbili kwa mwaka.

Baada ya miaka miwili, palipotibiwa watoto wa shule tu wenye safura walishuka kutoka 18.6 katika mia hadi 13.8. Palipotibiwa watu wote mara moja kwa mwaka walishuka kutoka 17.9 hadi 8.0. Palipotibiwa wote mara mbili walishuka kutoka 20.6 hadi 6.2. Tarakimu hizo zilitoka katika Lancet mwaka 2019, na katika nchi nyingi zimenukuliwa na watu ambao hawaijui njia ya Lunga Lunga. Wazee wetu waliofungua milango na kutoa choo chao kipimwe, jambo ambalo si jepesi kwa mtu mwenye heshima zake, ndio walioufundisha ulimwengu jambo hilo.

Naongeza kwa ufupi kwamba uchunguzi haukwisha hapo. Mnamo 2023 na 2024 vijiji vya Kwale vilipewa dawa ya ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, ili mbu amumaye mtu afe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 mpaka 15 yalipungua kwa 26 katika mia. Vijiji vya kulinganisha vilipewa dawa ya minyoo, hata hakuna kijiji kilichotoka mikono mitupu. Utaratibu huo wapendeza, na yafaa chama kiuombe kwa kila atakayekuja baadaye.

Sasa hesabu yetu imesimamaje? Sensa ya mwaka 2019 ilitukuta watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Katika uchunguzi wa Serikali wa 2015 na 2016, watu 47 katika kila mia wa Kaunti hii walihesabiwa kuwa maskini, ambapo kwa Kenya nzima walikuwa 36. Tumetoa mkojo, damu, choo, na majibu ya maswali kwa zaidi ya miaka 40. Vitu viwili vimerudi waziwazi, yaani fedha za mayatima na wazee, na dawa za watoto shuleni. Vingine vimebaki katika vitabu. Namna ya kuwafundisha walimu wa darasa la 1, iliyofaulu katika shule zetu wenyewe kwa gharama isiyofika bei ya jozi ya viatu vizuri, mzazi hana budi kuuliza kama shule ya mtoto wake yaifuata. Dawa ya watu wote, iliyothibitishwa katika nyumba zetu, ina kizuizi kilicho wazi: vidonge vya bure vimewekewa watoto, na cha mtu mzima sharti kilipiwe na mtu fulani.

Mtu huyo ni nani? Tangu mwaka 2013 afya imekuwa mikononi mwa Kaunti, na hospitali ya Msambweni ni ya Kaunti. Shule za msingi zingali za Serikali ya Taifa. Ndiyo maana minyoo ya mtoto ina ofisi moja na minyoo ya babu yake ina ofisi nyingine, ijapokuwa wote wawili hukanyaga udongo mmoja. Sheria za mwaka 2012 zawapa wananchi haki ya kusikilizwa kabla ya bajeti ya Kaunti kupitishwa, na mikutano hiyo hutangazwa. Aghalabu husemwa humo habari za barabara na karo, ambazo ni haja za kweli. Habari za safura ya watu wazima hazina msemaji, kwa maana mwenye safura hachukuliwi kwa machela. Huchoka tu, akaambiwa ni mvivu au ni uzee.

Mpango wa maendeleo wa Kaunti uliopo ni wa miaka 2023 mpaka 2027. Wa miaka mitano itakayofuata utaandaliwa kabla ya huo kwisha, na maoni yatapokelewa kata kwa kata. Mwandishi ameiomba Kamati ipeleke huko mambo matatu kwa maandishi: dawa za minyoo kwa watu wazima mara mbili kwa mwaka, maji ya bomba kwa vijiji vilivyo karibu na madimbwi yenye konokono, na sharti kwamba kila mchunguzi atakayeruhusiwa kuingia Kwale arudi barazani, kwa Kiswahili au kwa Kidigo, awasomee waliohesabiwa kile kilichoonekana. Wazee wenye neno la kuongeza au la kupinga waliandike au walipeleke kwa mdomo kwa Katibu kabla ya mkutano mkuu.